Bamba la kupimia kamera za joto: nyota tatu, na sufuria ya mama

Nianze na bei, maana najua wengi ndiyo mnayoitafuta: laki tatu na ishirini mpaka nalipokea stendi ya Nanenane, kifurushi kimezungushiwa magazeti kama mzigo wa samaki wakavu. Ndani mlikuwa na fremu ya aluminiamu ya mviringo, upana wa kiganja, imebana karatasi nyembamba ya chuma cha pua. Kwenye chuma hicho yamekatwa makundi saba ya mipasuo, kila kundi mipasuo minne sambamba. Kwenye kundi kubwa kila mpasuo una upana wa milimita 3. Yanafuata la 2, la 1, la nusu, la robo, la 0.1, na la mwisho kabisa milimita 0.05, yaani mikroni 50, wembamba wa unywele. Urefu wa kila mpasuo ni mara saba ya upana wake, ndiyo maana mipasuo minne pamoja na nafasi tatu za katikati hufanya mraba kamili. Kwa ukataji tu, sina neno. Nimeipitia kwa lenzi ya mkono, kingo zimenyooka.

Kwa asiyejua kazi yake: ni ubao wa herufi wa daktari wa macho, ila mgonjwa hapa ni kamera ya joto. Huwezi kumwekea karatasi yenye wino, kwa sababu wino na karatasi vina joto moja na yeye haoni kitu. Unakata chuma, nyuma yake unaweka kitu cha moto, na kamera inaona mistari ya moto juu ya chuma baridi. Kundi dogo kuliko yote ambalo bado unaweza kuhesabu mistari yake minne ndilo linalokwambia macho ya kamera yanaishia wapi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, kidato cha tano na sita, hapa Dodoma mjini. Kamera si yangu. Ni ya mtoto wa kaka yangu, fundi wa sola anayepanda mapaa ya Mtumba na Ihumwa kutafuta paneli zenye seli zilizochemka. Aliinunua ikiwa imeshatumika, akapewa siku 14 za kurudisha, akaja nyumbani siku ya tatu. "Shangazi, nisaidie kuikagua. Isije ikawa nimenunua mbuzi kwenye gunia." Bamba tukaliagiza kwa haraka, toleo la bei ya juu, lile lenye "mistari myembamba zaidi kwa matokeo ya kitaalamu". Hayo ni maneno ya muuzaji.

Jambo la kwanza ambalo karatasi ya maelezo haisemi: bila lenzi ya ziada, makundi madogo ya bamba hili ni mapambo. Kamera yetu ina pikseli 384 kwa 288, kila moja ya mikroni 17, na lenzi ya fokasi (umbali ambao lenzi hukusanya miali ya mbali) milimita 19. Ukiliweka bamba umbali wa mita moja, pikseli moja inafunika karibu milimita 0.9. Mpasuo wa nusu milimita hapo umeshapotea, wa 0.05 usiuulize.

Tukaenda Kizota kwa fundi mmoja anayechonga ngao za zawadi na vibao vya milangoni kwa mashine ya leza. Leza yake ya kaboni dayoksaidi hutoa mwanga wa mikroni 10.6, ambao uko ndani kabisa ya eneo la mikroni 8 hadi 14 ambalo kamera hizi zinaona. Kwa hiyo lenzi ya mashine yake, ya zinki selenaidi, inapitisha kile kile tunachokitaka. Kioo cha kawaida hakifai. Kwa mawimbi haya kioo cha dirisha ni ukuta. Alikuwa na lenzi ya akiba, rangi ya asali, fokasi inchi mbili, akatuachia kwa elfu hamsini. (Ukiipata, usiiguse kwa vidole, na ikivunjika usizoe vipande kwa mkono mtupu. Vumbi lake ni sumu.)

Ukiibandika lenzi hiyo mbele ya kamera, ukaliweka bamba sentimita tano kutoka kwake, kila pikseli sasa inafunika mikroni 45 za chuma. Mtoto akapiga hesabu kwenye simu. "Pikseli mikroni 45, mpasuo mikroni 50. Lazima uonekane, shangazi."

Hapo bado chanzo cha joto. Maabara zenye fedha hutumia blakibodi, kifaa chenye uso mweusi kinachoshikilia joto bila kuyumba hata kwa sehemu ndogo ya nyuzi. Mimi nina sufuria ya mama. Ilitoka naye Mpwapwa, imepikia kuni tangu sijaanza kazi, na kitako chake kina masizi ambayo hakuna rangi ya dukani inayoyafikia. Masizi hutoa mnururisho wa joto karibu kama blakibodi ya kweli. Ndani yake ukiweka maji ya moto ukakoroga kwa mwiko, kitako chote kinakuwa na joto moja. Maji yenyewe hapa kwetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Nilikuwa naongeza ya moto na ya baridi mpaka kipimajoto kisome 70, ndipo tunaanza.

Niliunganisha madawati mawili ya maabara, nikaacha pengo la sentimita 20, sufuria ikakaa juu ya pengo. Kamera ikalala sakafuni inatazama juu. Bamba likawa katikati, nusu mita chini ya sufuria. Msicheke. Hewa ya moto hupanda, haishuki, kwa hiyo mpangilio huu unaliacha bamba likibaki baridi. Ukipanga kwa kulaza, upepo wa Julai wa Dodoma unaopenya madirishani utakuharibia kila kipimo.

Matokeo ya kwanza: makundi matano yakaonekana safi. La sita, lile la 0.1, likaonekana limefifia. La saba likawa uji. Mtu mwenye imani angesema kuna mistari.

"Lenzi imekufa hii. Narudisha."

Nusura nimwambie arudishe. Nilichokuwa nacho mkononi ni bamba la laki tatu na ushee lenye karatasi inayosema linaonyesha "ubora halisi wa kamera yoyote", na hesabu ya pikseli iliyokuwa sahihi. Kilichonizuia ni aibu ya kikazi. Kila mwaka nafundisha difraksheni, kila mwaka nalalamika kwamba watoto wanakariri fomula bila kuelewa inahusu nini, na hapo mwenyewe nilikuwa nimesahau kuitumia.

Difraksheni ni tabia ya wimbi kutawanyika linapopita ukingoni au kwenye upenyo mwembamba. Nenda bwawa la Hombolo siku yenye upepo kidogo, tazama mawimbi yakipita kati ya mitumbwi miwili iliyofungwa. Pengo likiwa pana, yanapita moja kwa moja. Pengo likikaribia urefu wa wimbi lenyewe, yanatoka upande wa pili yakifunguka kama mwavuli. Padre mmoja wa Kiitalia, Francesco Grimaldi, aliyafuatilia haya kwa mwanga wa jua uliopenya tundu dogo la chumba chenye giza, na maandishi yake yalichapishwa mwaka 1665, miaka miwili baada ya kufa kwake. Jina la difraksheni limetoka kwake.

Sasa weka namba. Mwanga wa tochi una wimbi la karibu mikroni 0.55. Ukipita kwenye mpasuo wetu wa mikroni 50, unatawanyika kwa pembe ya karibu nyuzi 0.6 kila upande. Huwezi hata kutambua. Joto tunalolipima lina wimbi la mikroni 10 hivi, mara 18 ya lile la tochi. Kwenye mpasuo ule ule linatawanyika nyuzi 11 na nusu kila upande. Kwa mikroni 14 zinafika 16. Na lenzi yetu ya asali, kutoka pale bamba lilipo, inapokea pembe ya nyuzi 10 tu kila upande wa katikati. Yaani mpasuo unamwaga joto nje ya mdomo wa lenzi. Kwa macho yangu na tochi ya simu, mpasuo ulikuwa wazi kabisa. Kwa joto, ulikuwa mlango unaorusha wageni pembeni.

Niseme wazi kwamba hapa kuna difraksheni mbili, na bamba hili linauzwa kama vile ipo moja tu. Ya kwanza ni ya lenzi. Hata lenzi isiyo na dosari haiwezi kukusanya mwanga kuwa nukta. Inatoa doa, ambalo George Airy, mwanafalaki wa Uingereza, alilipigia hesabu mwaka 1835. Kwa lenzi yetu doa hilo, likipimwa juu ya bamba, lina kipenyo cha karibu mikroni 69. Hiyo ni halali ya kamera, ndiyo tunayotaka kuipima, na yenyewe inatosha kuufifisha mstari wa mikroni 50, ila haitoshi kuuua. Ya pili ni ya bamba lenyewe. Hiyo haiihusu kamera hata kidogo, lakini inaandikwa kwenye deni lake.

Je, inaepukika? Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na hapa ndipo karatasi ya maelezo ilipaswa kutumia mistari miwili badala ya kujisifu.

Fikiria unachungulia ufa wa mlango wa jikoni usiku. Kama kuta zote za ndani zinawaka moto, ufa utakuwa mwekundu popote utakaposimama. Kama ni kibatari kimoja mwisho wa chumba, ufa unang'aa ukisimama mahali pamoja tu. Mpasuo wetu ni huo ufa. Sufuria ikiwa mbali, miali inayokuja kutoka kwake ina pembe ile ile ambayo lenzi inaipokea, si zaidi. Mpasuo mpana unaipitisha ilivyo. Mpasuo mwembamba unaitawanya, sehemu inapotea nje ya lenzi, na hakuna ya kuziba pengo, kwa sababu pembeni ya sufuria kuna madawati na dari baridi tu. Sufuria ikiwa karibu na pana, kile kinachopotea kwenda nje kinafidiwa na kile kinachotoka pembeni kabisa na kutawanyikia ndani. Difraksheni bado ipo. Ila hasara na faida zinalipana.

Tukapandisha kamera na bamba juu ya rundo la vitabu mpaka bamba likawa sentimita mbili chini ya kitako cha sufuria. Maji nyuzi 70, kama mwanzo. Shida mpya: chuma chembamba vile kikiwa karibu na moto kinapata moto, na tofauti tunayoipima inayeyuka machoni pako. Dawa ilikuwa daftari gumu kati ya sufuria na bamba, unalichomoa ghafla, unapiga picha ndani ya sekunde tatu, unalirudisha. Mtoto alichomoa, mimi nikapiga. Mara ya nne tukaelewana.

Mpasuo wa milimita 3 haukubadilika hata nusu digrii. Kundi la 0.1, tofauti kati ya mistari na chuma ilipanda kutoka nyuzi 24 hadi 27. La 0.05 kutoka 9 hadi 12, na mistari minne ikahesabika. Kwa kukodoa macho, lakini ikahesabika. Hizi ni namba za madawati na sufuria, usizipeleke maabara, ila zilirudiwa mara tano na mwelekeo haukugeuka. Kamera ile ile, lenzi ile ile, bamba lile lile. Kilichobadilika ni umbali wa sufuria.

Basi kamera ilikuwa nzima. Fikiria tungeirudisha.

Sijamaliza malalamiko. Upande unaotazama kamera umepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na hiyo ni sahihi, kwa sababu chuma kitupu kingekuwa kioo cha joto na ungejiona mwenyewe kwenye kipimo kama mzimu. Upande wa nyuma wameuacha uking'aa ili uyarudishe mnururisho wa chanzo. Hapo wamefikiri vizuri, nawapongeza. Lakini rangi yenyewe ina unene, na kwenye mpasuo wa mikroni 50 unene wa rangi si kitu cha kupuuza. Kwenye kundi la saba, mpasuo wa tatu umeziba karibu theluthi ya urefu wake. Nikamwandikia muuzaji na picha. Akajibu siku ya pili, kwa adabu, kwamba nipulizie hewa. Nimepuliza. Rangi haikuhama.

Kingine: unene wa chuma haujaandikwa popote. Niliupima kwa maikromita ya shule, ni milimita 0.1. Maana yake ni kwamba mpasuo wa 0.05 una kina mara mbili ya upana wake. Huo si mpasuo tena, ni korido. Miali inayokuja kwa mshazari inagonga kuta kabla ya kutoka. Hilo halirekebishwi kwa kusogeza sufuria. Mteja anayepima kamera ya watu kwa ajili ya kulipwa anastahili kuambiwa kabla hajatoa fedha.

Halafu swali la kikwetu kabisa: nani anahitaji mistari ya mikroni 50? Seli ya paneli ya sola ina upana wa zaidi ya sentimita 15. Mtoto akisimama mita tano kutoka kwenye paneli, pikseli yake moja inafunika milimita nne na nusu, na seli iliyochemka inaonekana kama jino lililooza. Anayekagua vikata umeme au nyaya kwenye bodi, makundi matano ya mwanzo yanamtosha na kubaki. Toleo la kawaida la bamba hili linaishia milimita 0.25 na lilikuwa likiuzwa karibu nusu ya bei niliyolipa. Kwenye 0.25 utawanyiko ni nyuzi 2 na kidogo kila upande, bado ndani ya mdomo wa lenzi, rangi haizibi kitu, na korido imekuwa dirisha. Nunua hilo. Nilichokilipia mimi zaidi ni makundi mawili ambayo moja ni gumu na jingine ni bovu.

Isipokuwa kama wewe ni mwalimu. Hapo habari ni nyingine. Nilipofungua shule mwezi wa saba nilipanga madawati yale yale, nikawaita kidato cha sita wanne wanne walale sakafuni karibu na kamera. Kwanza sufuria mbali, halafu karibu. Binti mmoja asiyezungumza darasani akauliza, "Madamu, kwa nini tochi inapita na joto halipiti?" Mwaka wa kumi na saba nafundisha mada hii na hilo lilikuwa swali la kwanza lisilohusu mtihani. Kwa kazi hiyo kundi la saba, pamoja na mpasuo wake ulioziba, limerudisha fedha yake yote.

Kwa hiyo nyota tatu. Ingekuwa nne kama wangeandika unene wa chuma na sentensi moja inayosema chanzo cha joto kikae karibu na kiwe kipana. Ufungaji wa kifurushi siuhesabu. Magazeti yalifanya kazi yake, fremu haikupinda.

Tulitaka kurudia vipimo wiki iliyopita kwa kamera ya rafiki yake mtoto, lakini mama alikuwa amekuja kunitembelea. Alifungua kabati, akaiona sufuria yake ilivyo, akaona ni aibu kwa nyumba ya mwalimu. Niliporudi jioni nilimkuta kibarazani na majivu na stilwuli, kitako kinang'aa unaweza kuchania nywele. Tuliijaribu hivyo hivyo. Maji nyuzi 70 ndani, kamera inaona sakafu ya maabara na sura ya mtoto imepinda kwenye aluminiamu. Sasa ipo uani juu ya mafiga matatu, napikia maharage kwa kuni, nasubiri masizi yarudi.